Kuiandaa nyumba na watu wake kabla ya mafuriko: shajara ya mradi

6 Januari: Kupima kwanza, kununua baadaye

Mradi huu una malengo mawili, na la kwanza ni kubwa kuliko la pili: kila mtu wa nyumba hii awe amekwisha kuondoka kabla njia haijakatika, na vitu tutakavyoviacha nyuma visiharibike kupita inavyolazimu. Tunakaa watu watano katika nyumba isiyo na ghorofa, yaani mimi na mke wangu, watoto wetu wawili walio katika shule ya msingi, na mama mkwe wangu anayetembea kwa mkongojo. Kwa kuwa hatuna ghorofa ya kupandia, mpango wowote unaoanza na maneno "tusubiri tuone" tumeukataa tangu mwanzo.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua vimo vya nyumba na vya njia inayotoka nyumbani. Nilitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, kama ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kupata usawa wa msingi, kwa sababu maji yaliyo katika ncha zake mbili hukaa katika kimo kimoja hata kama ncha hizo ziko mbali. Vipimo vya mwanzo vilikinzana vyenyewe kwa vyenyewe, na chanzo kilikuwa mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya mpira. Dawa yake ni kuujaza mpira polepole kwa kuvuta maji kutoka kwenye ndoo iliyo juu, kuugongagonga hadi mapovu yatoke, kisha kuziweka ncha mbili pamoja na kuhakikisha kwamba maji yanalingana kabla ya kuanza kupima. Kwa umbali mrefu wa barabara nilipima kwa vipande, kutoka kigingi hadi kigingi, nikaenda na kurudi. Kupima kwa kwenda peke yake hakutoshi, kwa sababu kosa dogo la kila kigingi hujumlishwa na la kinachofuata. Tofauti kati ya kwenda na kurudi ilikuwa sentimita 2, nayo ni ndogo ya kutosha kwa kazi hii.

Kizingiti cha mlango wa mbele nimekihesabu kuwa sifuri. Kizingiti cha mlango wa nyuma kiko sentimita 4 chini yake. Tundu la kutolea maji katika sakafu ya bafu liko sentimita 11 chini. Soketi za ukutani ziko sentimita 30 juu. Bonde dogo la barabara, ambalo lazima tulipite ili kufika sehemu iliyoinuka, liko sentimita 52 chini ya kizingiti.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha mradi mzima. Maana yake ni kwamba maji yatakapolamba kizingiti chetu kwa mara ya kwanza, bonde litakuwa limekwisha kujaa zaidi ya nusu mita. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuyaelesha na kuyasukuma magari mengi madogo. Na sentimita 60 hubeba karibu magari yote, yakiwemo yale makubwa yanayodhaniwa kuwa mazito. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa kavu kabisa, watu wakiwa wamekaa sebuleni kwa utulivu, na wakati huohuo ikawa imefungiwa pande zote. Yeyote atakayeiga kazi hii asianzie mlangoni mwake. Aanzie mahali palipo chini kuliko pote katika njia yake ya kuondokea.

Gharama ya hatua hii ilikuwa mpira, vigingi na jasho.

14 Januari: Alama tatu na nani aondoke lini

Baada ya kupata vimo, tulikaa sote, watoto wakiwemo, tukaamua mapema jambo ambalo watu wengi huliamua wakiwa wamechoka na kuogopa. Alama ya kwanza ni ama onyo rasmi la mafuriko likitangazwa, ama mfereji wa kando ya barabara ukijaa hadi ukingoni, lolote litakalotangulia. Hapo vitu hupandishwa na mikoba huwekwa mlangoni. Alama ya pili ni maji yakianza kugusa ukingo wa barabara pale bondeni: kila mtu anaondoka na mjadala hauruhusiwi. Alama ya tatu ni bonde likiwa limefunikwa: hakuna anayevuka, kwa mguu wala kwa gari, na badala yake tunafuata kijia cha nyuma kinachopanda mlimani, ambacho ni kirefu na chenye utelezi lakini hakishuki mahali popote.

Mpango wa awali ulisema kwamba sote tungeondoka pamoja katika alama ya pili. Mama mkwe wangu aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi msiningojeshe mpaka maji yaonekane. Mkisikia tangazo, nitangulizeni." Alikuwa na haki. Mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na mpango wetu ulikuwa umehesabu miguu ya watu wenye nguvu. Sasa mama anaondoka katika alama ya kwanza, akiwa na mjukuu mmoja na jirani aliyekubali kuwasindikiza, hata kama mvua itaishia hapo na safari ionekane kuwa ilikuwa ya bure. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayelalamikia safari ya namna hiyo, kwa sababu lawama moja ya "ulituhangaisha bure" inatosha kumfanya mtu achelewe mara inayofuata.

Alama zenyewe nilizipaka kwa rangi kwenye nguzo iliyo bondeni. Usiku, chini ya mvua, hazikuonekana hata kwa kurunzi. Niliziongezea utepe unaoakisi mwanga, na pia nikaweka ubao wa pili karibu na lango, ambao unaonekana kutoka dirishani. Tahadhari kwa atakayeiga: ubao wa langoni unaaminika tu ikiwa maji ya langoni na ya bondeni yanaungana. Pakiwa na ukuta, tuta au kalvati iliyoziba katikati, maji ya upande mmoja huweza kuwa juu zaidi ya yale ya upande wa pili, na ubao utadanganya.

Tumemteua pia ndugu anayeishi mbali na eneo hili awe mtu wa kupokea taarifa za kila mmoja wetu. Mitandao ya simu ikilemewa, ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya pale ambapo simu ya sauti inakataa, kwa hiyo kila mtu atatuma neno moja kwake akiwa salama, badala ya sisi kwa sisi kutafutana. Namba yake imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kila mkoba, kwa kuwa simu iliyozima haimkumbushi mtu namba yoyote.

2 Februari: Milango na mifuko ya mchanga

Jaribio la kwanza lilikuwa la mifuko ya mchanga, na lilishindwa. Mifuko ilijazwa pomoni na kufungwa kwa kamba, ikawa migumu na ya mviringo. Tulipoipanga mlangoni na kuelekeza mpira wa maji upande wa nje, maji yalipita katika nafasi zilizo kati ya mfuko na mfuko bila kizuizi cha maana. Mfuko unatakiwa ujazwe nusu hadi theluthi mbili tu, mdomo ukunjwe chini yake bila kufungwa, kisha ukanyagwe ili ulale na kujaza pengo lililo pembeni yake. Mistari hupangwa kama matofali, kila mfuko ukilalia kiungo cha mifuko miwili iliyo chini. Tulipofanya hivyo maji yalipungua lakini hayakukoma, kwa sababu yalipenya chini ya mstari wa kwanza. Marekebisho yalikuwa kutandika plastiki nzito upande wa maji, kuilaza ardhini, na kuikunja chini ya mstari wa kwanza ili uzito wa mifuko uibane. Hata baada ya hapo ukuta wa mifuko huvuja kidogo kidogo. Asiyelijua hilo mapema atafikiri kazi yake imeharibika.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ukubwa wa kazi. Ukuta wa mifuko unaosimama peke yake unahitaji kitako chenye upana wa takriban mara tatu ya kimo chake, yaani ukuta wa sentimita 60 unahitaji kitako cha karibu mita 1.8. Kwa nyumba yenye watu wazima wawili wenye nguvu, hilo halitekelezeki usiku mvua ikinyesha. Tuliamua kutumia mifuko kama egemeo tu, na kazi ya kuzuia maji tukaipa ubao mzito unaoteremka katika reli zilizofungwa pande mbili za fremu ya mlango, wenye mpira laini chini na pembeni. Ubao wa kwanza ulipinda baada ya kulowa na kukauka, ukaacha mwanya katikati. Wa pili tuliupaka mafuta ya kuzuia maji pande zote, pamoja na kingo zilizokatwa, ambazo ndizo hunywa maji kwanza, na kuutia mikanda miwili ya chuma kwa nyuma.

Kimo cha ubao kinahitaji maelezo, kwa sababu jirani aliuliza kwa nini tusiupandishe hadi kiunoni. Maji yaliyosimama yenye kina cha sentimita 30 husukuma kila mita moja ya upana wa mlango kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 45 hivi. Kina kikifika sentimita 60, nguvu hiyo hufika kilo 180, na kikifika mita 1 huwa karibu kilo 500. Kina kikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Ukuta wa nyumba ya kawaida haukujengwa kubeba msukumo wa pembeni wa namna hiyo, na ni afadhali maji yaingie na kuharibu samani kuliko ukuta kuanguka. Ubao wetu una sentimita 45 na hautaongezwa.

Mifuko mitupu tumeihifadhi kivulini, kwa kuwa ile ya plastiki iliyofumwa hulika na jua ikachanika inapobebwa. Mifuko itakayoguswa na maji ya mafuriko haitatumika tena, na mchanga wake hautarudi kwenye uwanja wa watoto, kwani maji hayo hubeba kinyesi na mafuta. Kifedha, mifuko ilikuwa rahisi kuliko vyote; kwa nguvu za mwili, ilikuwa ghali kuliko vyote.

11 Februari: Maji yanayopanda kutoka chini

Tundu la bafu liko chini ya vizingiti vyote viwili. Maana yake ni kwamba, bila hatua ya ziada, maji yangeingia kupitia bafuni wakati milango yote imefungwa vizuri, tena yangekuwa maji ya choo. Hatua hii ndiyo iliyokula sehemu kubwa zaidi ya fedha za mradi, na sijutii.

Kwanza tulijaribu kuziba tundu kwa matambaa yaliyowekewa jiwe juu. Fundi bomba alijaza maji upande wa nje wa bomba, na matambaa yalisukumwa kando mara moja. Tulibadilisha tukaweka kizibo cha mpira kinachotanuka kinapokazwa kwa skrubu ya katikati, nacho kilishika. Kwa bomba kuu linalotoka chooni kwenda kwenye shimo la maji taka, fundi alifunga vali inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, ndani ya kisanduku cha zege chenye kifuniko kinachofunguka. Kifuniko hicho kilitaka kuachwa ili kupunguza gharama, na nashukuru kwamba fundi alikataa. Tulipoijaribu baada ya wiki chache za matumizi ya kawaida, ulimi wa vali haukufunga sawasawa kwa sababu ya uchafu ulionasa kwenye kingo zake. Vali isiyoweza kufikiwa na kusafishwa humpa mtu imani isiyo na msingi. Sasa tunaifungua na kuisafisha kila mwanzo wa mwezi.

Jambo moja husahaulika: vali ikijifunga, maji ya ndani nayo hayatoki. Mtu akivuta maji ya choo wakati huo, atajifurikia mwenyewe. Kwa sababu hiyo tumeweka ndoo yenye kifuniko imara, mifuko mizito ya plastiki na chokaa kwa ajili ya haja, na kadi iliyobandikwa ukutani bafuni inayosema "Vali imefungwa: usivute maji".

24 Februari: Umeme, gesi na tangi

Fundi umeme amezipandisha soketi za sebuleni na jikoni hadi mita 1.2 kutoka sakafuni, na amezitenga nyaya za chini na zile za taa ili kila upande uzimwe peke yake. Swichi kuu ilikuwa tayari juu. Kanuni ya nyumba ni kwamba umeme unazimwa katika alama ya kwanza, mikono na miguu ikiwa mikavu. Maji yakiwa yamekwisha kuingia ndani, hakuna anayeigusa swichi kuu, hata kama iko juu ya maji.

Mtungi wa gesi hufungwa vali, hutolewa kwenye jiko na kufungwa kwa mnyororo ukiwa umesimama, kwa kuwa mtungi wenye gesi kidogo huelea na kugonga vitu hadi vali yake ivunjike. Tangi la maji la lita 1,000 nalo huelea likiwa tupu na kung'oa mabomba, kwa hiyo katika alama ya kwanza tunalijaza hadi juu na kufunga vali zake zote mbili. Hatua hiyo huzuia tangi lisiondoke na pia huhifadhi maji safi yatakayohitajika sana baadaye. Dawa za wadudu, rangi na mafuta vimehamishiwa kwenye rafu iliyo chini kidogo ya dari.

Tulifikiria kununua jenereta, tukaiahirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu waliolala, kwa hiyo haipaswi kuwashwa ndani ya nyumba, barazani wala karibu na dirisha. Inatakiwa iwe angalau mita 6 kutoka kwenye jengo. Sisi hatuna nafasi hiyo iliyo juu ya maji.

9 Machi: Mikoba, nyaraka na maji ya kunywa

Orodha nyingi za mkoba wa dharura huandikwa na watu ambao hawakuubeba. Tulihesabu lita 3 za maji kwa kila mtu kwa siku, watu watano, siku tatu, tukapata lita 45, ambazo ni kilo 45 kabla ya kuweka nguo au dawa. Mkoba wa namna hiyo hauondoki. Tulichofanya ni kupeleka madumu ya maji mapema kwenye nyumba ya ndugu iliyo juu, ambako ndiko tunakokimbilia, na mkoba wa kila mmoja ukabaki na lita moja pamoja na chupa ndogo ya dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni. Yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6 hutumika kwa matone 2 katika kila lita ya maji maangavu, kisha maji huachwa kwa dakika 30. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, na matone huwa 4. Dawa hiyo hupungua nguvu kadiri inavyokaa, kwa hiyo tumeandika tarehe kwenye chupa. Wala klorini wala kuchemsha hakuondoi mafuta au sumu za viwandani, na maji yanayonuka petroli hayanyweki kwa dawa yoyote ya nyumbani.

Nyaraka tuliziweka katika mfuko wa plastiki wenye kufunga kwa kubana mdomo. Kabla ya kuuamini tuliweka ndani yake karatasi zisizo na thamani, tukauzamisha kwenye ndoo chini ya jiwe hadi asubuhi. Karatasi zilikuwa zimelowa kona moja, pale mdomo wa mfuko unapoishia. Sasa nyaraka ziko katika mifuko miwili, mdomo wa mmoja ukitazama chini ya mwingine, wa nje ukiwa umekunjwa mara tatu na kugandishwa kwa utepe, na yote iko ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana. Jaribio hilohilo lilirudiwa na karatasi zikatoka kavu. Picha za nyaraka zimehifadhiwa pia kwa yule ndugu aliye mbali.

Kurunzi mbili zilikutwa zimeharibika kwa sababu betri zilivuja kemikali zikiwa ndani. Betri sasa hukaa nje ya kurunzi, zimefungwa pamoja nayo kwa utepe. Dawa za shinikizo la damu za mama hazikai kwenye mkoba kwa kudumu, maana zingepitwa na muda bila mtu kujua. Badala yake akiba ya wiki mbili huingia mkobani kila anapochukua mpya, na ile ya zamani hutoka kutumika kwanza. Mkobani pia mna filimbi, redio ndogo, glovu, chumvi na sukari pamoja na kijiko cha chai. Kijiko ni cha kupimia, kwa sababu maji ya kumwokoa anayeharisha hutengenezwa kwa vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji salama, na chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa.

22 Machi: Zoezi la usiku

Tulizima taa na kufanya zoezi zima, kuanzia alama ya kwanza hadi kuufikia mwinuko. Lilichukua muda zaidi ya mara mbili ya tuliokuwa tumekadiria.

Funguo za mlango wa nyuma hazikuwa kwenye msumari wake. Mtoto mkubwa alipewa kazi nyingi mno na akasimama katikati ya chumba bila kujua aanze na ipi. Ndala zilitoka miguuni kwenye tope, na hilo ni hatari kuliko linavyoonekana, kwani chini ya maji ya mafuriko huwa na misumari, vioo na mifereji isiyo na vifuniko. Marekebisho: kila mlango una ufunguo wake uliofungwa kwa kamba fupi karibu na kitasa, mahali pasipofikiwa kutoka nje, kila mtoto ana kazi moja tu, na kazi hiyo ni kuvaa viatu vya kufunika mguu, kubeba mkoba wake na kushika mkono wa mtu mzima, mke wangu anashughulikia watu na mimi nashughulikia swichi, vali na mbao. Katika zoezi la pili muda ulipungua hadi nusu. Dirisha la chumba cha mama lina vyuma visivyofunguka, na hilo lilionekana tu kwa sababu tulifanya zoezi. Fundi amekifanya kimoja kiwe cha bawaba, chenye komeo la ndani.

19 Aprili: Maji yalikuja

Tangazo la onyo lilitolewa redioni mchana. Mama aliondoka na mjukuu wake pamoja na jirani kabla hata mfereji haujajaa. Sisi tulijaza tangi, tukazima umeme, tukapandisha magodoro juu ya meza, tukateremsha mbao na kukaza kizibo cha bafu. Jua lilipozama utepe wa alama ya pili uliguswa, na tukaondoka. Tulilipita bonde likiwa na maji ya kulowesha soli tu. Kwa mujibu wa majirani waliobaki upande wa juu, muda mfupi baadaye nguzo ilikuwa imefunikwa hadi juu ya alama ya tatu.

Tulirudi baada ya barabara kutangazwa kuwa salama. Mstari wa tope kwenye ubao wa mbele ulikuwa sentimita 14 juu ya kizingiti, yaani bondeni maji yalifika kina cha sentimita 66. Kungoja hadi maji yafike mlangoni kungetufungia ndani.

Mbao zilishika, kizibo kilishika, na vali ilifunga. Hata hivyo chumba cha nyuma kilikuwa na alama ya maji ya sentimita 6 ukutani. Yaliingia kupitia tundu la ukutani linalopitisha bomba la maji na waya wa zamani wa simu, lililofichwa na kabati kwa miaka mingi, sentimita 5 tu juu ya usawa wa kizingiti. Tulikuwa tumepima kila mlango na kila tundu la sakafu, lakini ukuta wenyewe hatukuuzunguka kwa nje. Atakayeiga kazi hii auzunguke ukuta wake wote akiwa na kurunzi, achunguze kila bomba, kila waya na kila ufa chini ya kimo cha ubao wake.

Kabla ya kugusa chochote tulipiga picha za kila chumba. Umeme haukuwashwa mpaka fundi alipokagua nyaya. Tulivaa buti na glovu, tope tukalitoa likiwa bado bichi, tukaosha kwa sabuni kwanza na klorini iliyochanganywa na maji baadaye, bila kuichanganya na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa kuwa ikikutana na amonia au tindikali hutoa gesi yenye sumu. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, ndiyo maana madirisha yote yalifunguliwa siku ileile na kabati likatolewa nje. Godoro moja lililoanguka kutoka mezani limetupwa, na pia vyakula vyote vilivyoguswa na maji hayo, hata vile ambavyo mifuko yake ilionekana mizima.

3 Mei: Marekebisho na kazi zilizobaki

Tundu la ukutani limejazwa saruji nje na ndani, na bomba likazungushiwa silikoni ili lisipasue saruji linapotikisika. Waya wa simu umeondolewa. Nyufa nyingine tatu ndogo zimekutwa na kuzibwa.

Alama ya pili imeteremshwa sentimita 10, kwa sababu maji yalipanda kati ya alama ya pili na ya tatu kwa kasi kubwa kuliko tulivyotarajia, na familia yenye mtoto mchanga au mgonjwa isingepata nafasi ya kutosha. Majirani watatu wameomba vipimo vyao vichukuliwe kwa mpira uleule. Tumekubaliana kwamba nguzo ya bondeni itakuwa ya wote na kwamba atakayeiona ikiguswa atapuliza filimbi mara tatu.

Kazi mbili hazijamalizika. Ubao wa mlango wa nyuma unahitaji mpira mpya, kwani ule wa sasa umebonyea na hautanuki tena. Pia barabara inatarajiwa kumwagiwa kifusi pale bondeni. Kikishamwagwa, bonde linaweza kuhamia mahali pengine, kwa hiyo vimo vyote vitapimwa upya kutoka kizingitini na alama tatu zitapakwa tena kabla ya mvua zinazofuata.